Nchi Zote Isipokuwa Moja

Wakili Sabri aliisukuma picha juu ya meza kwa kidole kimoja mpaka ikamfikia Nezahat.

"Itazame kwanza," alisema. "Maneno baadaye."

Nezahat akavaa miwani. Alikuwa amestaafu upolisi miaka mitatu nyuma, baada ya miaka ishirini na sita ya kufukuzana na wezi wa kondoo na wavusha watu katika milima ya Van, mpakani na Iran. Tangu hapo mawakili wa mji walimwita kila walipotaka jambo lichunguzwe na mtu asiyeogopa ngazi wala matusi. Picha ilimwonyesha mwanamke wa makamo ameketi zuliani, mgongo wake karibu na jiko la gesi la kupashia chumba joto, anamenya chungwa. Anatabasamu. Sehemu yote ya chini ya picha ilizibwa na kitu chekundu kilichofifia.

"Nani huyu?"

"Golale Mokri. Mwalimu. Mkurdi wa Urmia, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa anawafundisha watoto kusoma Kikurdi nyumbani kwake. Wenzake wawili wakafungwa, yeye akawahi kukimbia. Norwei wakampa hifadhi, sasa mwaka wa saba. Yuko hapa mjini tangu tarehe saba, kwa Halit, kuonana na mama yake."

Hilo halikuhitaji maelezo. Nyumba za wageni za Van zilikuwa zikiishi kwa watu wa namna hiyo: watoto wanashuka kwa ndege kutoka Ulaya, wazazi wanavuka mpaka kwa gari, wanakaa wiki moja wakipikiana na kuliliana, kisha kila mmoja anarudi alikotoka.

Sabri akafungua kijitabu cha kusafiria, kile cha wakimbizi chenye mistari miwili ya mshazari kwenye pembe ya jalada, akaweka ukucha chini ya mstari mmoja. "Kinatumika kwa nchi zote isipokuwa Iran," akasoma. "Sasa kuna mtu ameipelekea idara ya uhamiaji ya Norwei picha hii na barua, kwamba tarehe kumi na moja mpaka kumi na tatu Golale alikuwa Urmia. Idara imemwandikia ajieleze. Mwisho keshokutwa. Na ndege yake ni kesho mchana."

"Akishindwa kujieleza?"

"Watamuuliza swali ambalo hata mimi ningemuuliza. Ulituambia ukirudi kwenu utafungwa. Umerudi kwa miguu yako, ukala, ukalala, ukatoka. Sasa hifadhi yetu ya nini? Wanaweza kuiondoa, na kitabu nacho kikaenda."

"Yeye anasemaje?"

"Kwamba hakukanyaga huko. Picha ilipigwa hapahapa, chumba namba sita. Mama aliingia tarehe tisa, akaondoka kumi na sita, na orodha ya wageni ya Halit inasema hivyohivyo. Dada Nezahat, mimi nataka uende, uthibitishe, utie saini. Ukimjua aliyetuma, ni nyongeza. Yeye anamshuku jamaa mmoja wa Oslo, Behruz, alimposa akamkatalia mbele za watu."

"Nipe barua."

Sabri alikuwa ameitafsiri kutoka Kifarsi kwa mkono wake mwenyewe. Ilianza hivi: *Mtajwa aliingia eneo la Urmia tarehe 11, saa kumi na moja alfajiri, akakaa katika nyumba ya familia, akaondoka tarehe 13 kabla ya alfajiri. Katika muda huo hakusumbuliwa na mamlaka yoyote. Hivyo sababu za hifadhi yake zimekoma.* Mistari ya mwisho ilisema: *Mmemtunza kama mtoto wenu, Mungu awatunzie na ninyi wa kwenu. Sasa mrudisheni kwao kabla joto halijachachamaa, asafiri vizuri.*

Nezahat aliisoma mara mbili.

"Huyu Behruz anamchongea mtu halafu anamwombea safari njema?"

"Labda ni kejeli."

"Labda," alisema Nezahat, akaikunja barua akaitia mkobani pamoja na picha.

*

Halit alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene, mwenye ndimi nyingi, na kila mgeni wake alimwita ndugu kabla hajamuuliza jina.

"Afande wangu! Karibu, karibu, umeadimika kama theluji ya Agosti. Chai?"

"Chai baadaye, Halit. Chumba cha sita."

"Kile cha bibi wa watu? Kipo, kitakatifu, sijakigusa." Akatangulia kupanda ngazi huku akihema. "Mama mstaarabu yule! Kila asubuhi ananiombea dua. Nilisikitika alipoondoka, wallahi."

Ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya pili. Nezahat alishika ukuta akapumzika.

"Alikuwa na umri gani huyo bibi?"

"Themanini hivi. Themanini na mbili."

"Mgonjwa?"

"Moyo. Na miguu imevimba, hawezi kutembea, maskini."

"Na wewe ukampa chumba cha ghorofa ya tatu, nyumba haina lifti."

Halit akacheka kicheko kifupi. "Alipenda mandhari, Afande."

Chumbani Nezahat alitoa picha akaisimamisha kwenye kiganja. Zulia halikufanana, lakini mazulia huhamishwa. Ukuta wa pichani ulikuwa wa kijani, huu mweupe, lakini rangi hupakwa. Joto la chumba hiki liliingia kwa mabomba ya chuma chini ya dirisha. Alipiga magoti, akapapasa ukuta mzima kutafuta tundu la bomba la gesi lililozibwa. Hapakuwa na tundu.

Kisha akafanya jambo lililomfanya Halit ajishike kifua. Alivua koti, akalala chini sakafuni chali, akageuka ubavu, akanyoosha mkono wenye simu mbele ya uso.

"Afande, unaumwa?"

"Keti pale. Chini, siyo kwenye kiti. Jifanye unamenya chungwa."

Halit akaketi kwa tabu. Nezahat akapiga picha moja. Akapanda kitandani akapiga nyingine. Akasimama akapiga ya tatu. Aliziweka zote kando ya ile ya Norwei. Zile mbili za juu zilionyesha upara wa Halit. Ile ya sakafuni ilionyesha kidevu chake kwa chini, kama ilivyoonyesha kidevu cha Golale.

"Vitanda vyako vina miguu vyote?"

"Vyote. Wageni wa siku hizi hawataki godoro la chini."

"Basi hii haikupigwa kwako."

"Afande, kompyuta inasema..."

"Kompyuta inasema ulichoiambia. Jikoni wapi?"

Zarife, mpishi wa Halit, alikuwa anakoroga unga na siagi kwenye sufuria, mayai kando yakisubiri. Hakuacha kukoroga wala hakumwangalia bosi wake aliyekuwa akimkonyeza kutoka mlangoni.

"Mama Zarife, nasikia chumba cha sita kulikuwa na bibi asiyeshuka kula," alisema Nezahat. "Nani alikuwa anampelekea chakula?"

"Bibi gani?"

"Zarife, yule bibi," Halit akadakia, "mama yake Golale, yule..."

"We Halit, ngazi zile anapanda nani na sinia kama siyo mimi, na goti langu hili? Ningempandishia bibi wa miaka themanini nisimjue?" Akageukia Nezahat. "Alikuwepo yule mwalimu peke yake. Mpole, anakula yai moja na jibini kidogo. Kuna siku mbili tatu hakushuka kabisa. Nikapanda kumwangalia, nikidhani ana homa. Kitanda kimetandikwa, hakijalaliwa. Nikasema makubwa, nikashuka zangu."

"Siku gani hizo?"

"Kabla ya Nouruzi, sikukuu ya mwaka mpya. Siku niliyosonga unga wa ngano wa kukaangwa, siku ya Jumatano. Akarudi Ijumaa usiku, viatu vimejaa matope mpaka kwenye kamba."

Nezahat alihesabu kichwani. Jumatano ilikuwa tarehe kumi na moja.

"Njia ya mwongo fupi, Halit," alisema.

Halit aliegemea fremu ya mlango, uchangamfu wote umemtoka. "Jina la mama yake niliandika tangu tarehe tisa, wallahi. Alinitumia picha ya pasipoti ya mama mapema, nikaingiza kwenye mashine, polisi wakapata jina kama sheria inavyotaka. Mama hakutokea. Sikulifuta, basi. Halafu juzi mwalimu akaniangukia miguuni: kaka Halit, liache hivyohivyo. Ningefanyaje? Mimi nina mama pia."

"Lifute leo. Kabla sijatoka hapa."

*

Golale alikuwa ameketi ukumbini penye birika kubwa la chai, sanduku lake limefungwa tayari miguuni. Ana kwa ana alionekana mkubwa kuliko pichani. Alisimama alipomwona Nezahat, akampa mkono.

"Wakili alinipigia. Umekwishaona chumba, dada?"

"Nimekiona. Nimeongea na Zarife pia."

Golale akaketi. Alichukua kidonge cha sukari akakishika tu, hakukitia mdomoni.

"Mama aliishia wapi tarehe tisa?" Nezahat aliuliza.

"Getini, mpakani." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Jirani alimleta kwa gari, wakamteremsha kwenye kiti cha magurudumu. Mimi nilikuwa upande huu, nimesimama kwenye uzio. Nilimwona. Alikuwa mbali kama kutoka hapa hadi pale msikitini, ana kilemba chake cheupe. Askari wa upande ule wakachukua pasipoti yake, wakaingia nayo ndani, wakatoka mikono mitupu. Wakamgeuza kiti."

"Ukaamua kumfuata."

"Daktari alimpa miezi miwili, dada."

"Nani alikuvusha?"

Golale akainua macho. "Hilo sisemi."

"Vizuri. Na mimi sijauliza." Nezahat alijisogezea glasi ya chai. "Nieleze mengine. Ulipita getini?"

"Hapana. Mlimani, na wale wanaobeba mizigo ya chai na sigara. Nilifunikwa turubai ndani ya gari mpaka kwenye ua wa nyumbani. Siku mbili sikufungua hata dirisha."

"Ulikwenda ofisi yoyote ya serikali? Uliomba karatasi, kitambulisho, chochote?"

"Niende kujikabidhi?"

"Mjini nani alikuona?"

"Mama. Dada anayemhudumia alikuja mara moja na mkate, lakini nikajificha stoo."

Nezahat akaweka picha katikati ya meza.

"Kwa nini ulimwambia Sabri uongo?"

"Kwa sababu kitabu kinasema isipokuwa Iran! Nimeishi miaka saba na mstari huo. Nikienda likizo nausoma, nikinunua tiketi nausoma. Nikaenda. Sasa niwaambie nini, kwamba sikuona?" Akaifunika picha kwa kiganja. "Najua ni Behruz. Ana binamu zake Urmia, wamenipiga picha dirishani."

"Dirisha hukufungua. Tena mtu wa dirishani angekupiga kutoka juu." Nezahat aliuondoa mkono wake taratibu. "Huyu alikuwa amelala chini. Hiki chekundu ni upindo wa blanketi. Na wewe unamwangalia, unacheka. Behruz hukumchekea hivi."

Golale aliitazama picha. Alipitisha kidole juu ya ule wekundu.

"Nilimpelekea ile simu mwaka jana," alisema. "Nilimfundisha kupiga picha siku hiyo ya chungwa. Ilikuwa ya kwanza kuipiga mwenyewe. Hapana, dada. Hapana. Mama yangu hajui hata kuandika."

"Ndiyo maana nataka umpigie. Sasa hivi, mbele yangu. Safari usiitaje, mlima usiutaje. Uliza picha tu. Na weka sauti nje."

Simu iliita mara nyingi. Sauti iliyopokea ilikuwa nyembamba lakini yenye furaha, nayo ilianza na salamu ndefu: umekula, umelala, kikohozi kimekwisha, hujaacha kuvaa soksi?

"Mama," alisema Golale. "Ile picha uliyonipiga. Ya chungwa. Bado unayo?"

"Ninayo, roho yangu. Naitazama kila asubuhi. Na wale wakubwa zako nao wanayo, wamekuambia?"

Golale alifumba macho. "Nani amewapelekea?"

"Mimi! Nimewaomba wakurudishe. Nimewashukuru kwanza, siyo wamekulea miaka yote hiyo? Nikasema sasa basi, mtoto arudi kwao. Ni watu wazima, wataelewa."

"Mama, nani alikuandikia barua?"

"Yule bwana mwenye adabu, anayekuja kila mwezi kuuliza habari zako. Tangu ulipoondoka hajawahi kukosa. Nilimwonyesha picha, akafurahi kama ndugu. Akasema mama usihangaike, hata pasipoti yako nitaifuatilia, niambie tu alifika saa ngapi nikuandikie vizuri. Mimi nikasema yangu mwishoni, naye akaandika vilevile bila kupunguza."

Nezahat alikuwa ameinamia meza. Barua ilikuwa mbele yake. Mistari ya juu aliitambua sasa pasipo shaka, kwani kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameandika mingi ya namna ileile: mtajwa, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mpelelezi na mama walikuwa wamesema kwa karatasi moja.

"Kwani hayupo hapa?" sauti ya mama iliendelea. "Anakunywa chai. Anakusalimu sana. Unataka kuongea naye?"

Birika lilikuwa likitokota. Golale alimtazama Nezahat, na Nezahat akatikisa kichwa kukataa, kisha akamwonyesha kwa mkono: endelea, usibadilishe sauti.

"Msalimie, mama," alisema Golale. "Mwambie asante kwa kukutembelea. Nipo kazini sasa, nitakupigia."

"Utakuja lini?"

"Dawa za mchana umemeza?"

"Nimemeza."

"Basi pumzika."

Alikata simu, akailaza kifudifudi mezani. Hakulia. Alichukua picha akaikunjia ndani ya barua.

"Wanajua nilikuja," alisema. "Wamejua tangu hapo."

"Walijua baada ya wewe kutoka. Wangejua mapema, usingetoka." Nezahat alizungumza kwa upole, lakini hakupunguza lolote. "Kukushika wameshindwa, sasa wanataka Norwei wakurudishe mlangoni kwao. Golale, nisikilize. Orodha ya Halit imekufa, na hata kama ingekuwa hai, mtu yeyote angemuuliza mpishi. Saini yangu pale siweki. Lakini mtu anayekuja kila mwezi kwa miaka saba kukuulizia, hiyo ndiyo sababu uliyopewa hifadhi, na yeye mwenyewe ameiandika na kuituma."

"Nikilisema hilo, watamfanya nini mama?"

Nezahat alifikiri kumjibu kama wanavyojibu mawakili. Akaacha.

"Sijui," alisema.

*

Sabri aliwasikiliza mpaka mwisho, kalamu haigusi karatasi. Kisha akasimama, akafunga mlango wa ofisi, akarudi.

"Hasira yangu nitaitunza kwa ajili ya Halit," alisema. "Wewe, mwalimu, nakuambia ukweli wa sheria. Kwenda peke yake hakuondoi hifadhi moja kwa moja. Watauliza ulikwenda kwa nini, kwa muda gani, kwa njia gani, na kama uliomba ulinzi wa serikali ya huko. Mama anayekufa, siku mbili, kwa kujificha, bila kugonga mlango wa ofisi hata moja. Kuna waliosikilizwa kwa hayo. Kuna wasiosikilizwa. Siwezi kukuahidi. Na huyo bwana wa chai ndiye tegemeo letu kubwa, lakini hawezi kuingia kwenye maelezo bila mama kuingia."

"Aliyenivusha haingii."

"Haingii."

"Na Nezahat atasema nini?"

"Nitasema nilichokiona na nilichoambiwa," alijibu Nezahat. "Viatu, kitanda, picha imepigwa na nani. Na simu niliyoisikia kwa masikio yangu."

Golale alikwenda dirishani. Chini barabarani wauza samaki wa ziwani walikuwa wakibishana. Aliwatazama, kisha akarudi akaketi, mikono mapajani kama mwanafunzi.

"Andika," alisema. "Andika kwamba nilikwenda. Andika na mama. Usiandike kwamba alinichongea, andika alitaka nirudi. Atakayesoma ndiye aamue."

Sabri akaanza kuandika. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitabu. Alipofika kwenye safari, aliuliza kila kitu mara mbili, naye Golale akajibu kila kitu mara mbili, sawasawa na mara ya kwanza. Nezahat alitia saini maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili, akabaki ameketi ingawa hakuwa na kazi tena.

"Muda wa kukaa," alisema Sabri. "Siku mbili kamili?"

"Siku mbili." Golale akasita. "Ila siku ya kwanza mama alikuwa amepewa dawa ya usingizi. Alilala kutwa nzima. Mimi nilikaa tu karibu naye. Kwa hiyo ni kama siku moja."

Sabri aliinua kalamu. "Hiyo kisheria haina uzito, mwalimu. Siku ni siku."

Nezahat akajisogeza mbele kwenye kiti.

"Iandike," alisema.